Mbwa wa Mahameni

Mimi yule Bwana Mifugo sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu mzima, katoka kwao Mbeya, ana mshahara wa serikali, halafu anapanda baiskeli kwenda kuokota mbwa kwenye mahame yetu! Tena mbwa wenyewe si wa kuwinda wala wa kulinda, mifupa na upele mtupu.

Jina lake Ambakisye. Ilikuwa mwaka sabini na nne, tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kaengesa, na malori hayakubeba mbwa. Waliachwa kule kwenye nyumba zilizobomolewa. Yeye akawa anawaleta mmoja mmoja, kwenye tenga nyuma ya baiskeli, anawafungia uani kwake karibu na josho.

"Ana huruma yule," mke wangu Marsiana alisema.

"Huruma gani? Ana lake jambo."

Nami nilikuwa na sababu. Siku ya kuhama, mbwa wetu Chapakazi alilikimbilia lori. Sasa mimi, balozi wa nyumba kumi, nimewaambia watu wote mbwa hawaendi, wangu aende? Nikatoa kamba. Akaja mwenyewe mkia juu, maana kamba kwake ilikuwa safari ya kuwinda. Nikamfunga kwenye nguzo ya ghala la ulezi, nikasema kesho nitarudi. Kesho tukakata nyasi za kuezekea. Keshokutwa mkutano. Wiki ilipopita nikaona aibu hata kwenda kutazama. Nikamwambia Marsiana nimekwenda, nimekuta kaliwa na chui. Alilia siku mbili, kwani ndiye aliyemlea kwa uji tangu hajafumbua macho.

Basi mtu anayeokota mbwa mahameni, si anaokota na siri za watu?

Nikaanza kumchunguza. Alasiri nasimama nyuma ya ua wake wa matete, nachungulia. Anawapaka dawa ya upele, anawapikia uji wa dona na mifupa ya buchani. Kisha anakaa kwenye kigoda, kawapa mgongo, anawasomea gazeti kwa sauti! Mkono mmoja kauweka nyuma, una tonge la ugali. Hageuki. Mbwa anatambaa, anachukua, anakimbia.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikaingia.

"Ndugu Bwana Mifugo, hawa unawafundisha siasa?"

Akacheka. "Waliopigwa wanaogopa macho, Ndugu Balozi. Waizoee sauti kwanza."

"Na wenyewe unawajua?"

"Nitawajulia wapi?" Akanitazama, nikaona kama ananitazama mno. "Yuko mmoja bado kajificha mle bandani. Kamba ilikuwa imemwingia shingoni mpaka nyamani. Alishaikata kwa meno, lakini hakwenda popote. Nilimkuta kalala mlangoni pa nyumba isiyo na paa."

Huyu anajua, nikasema moyoni. Anajua, ananichezea.

Kikazuka kichaa cha mbwa vijiji vya jirani, ikaja amri: mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi. Nani alikwenda kwa mwenyekiti wetu, Ndugu Zenon, kuhimiza itekelezwe upesi? Mimi. Nilitaka yule wa bandani afe kabla hajaonekana.

Tukakusanyika uani kwa Ambakisye. Zenon akatangaza kila mtu amtambue wake amchukue, watakaobaki ni kazi ya mgambo. Mmoja mmoja wakachukuliwa, hata wale wenye mapele. Akabaki mwekundu mmoja, sikio moja limechanika.

Marsiana akanishika mkono. "Sikio lile..."

"Chui, mke wangu. Si nilikwambia?"

Mgambo akakunjua kamba amfunge ampeleke pembeni. Yule mbwa alipoiona kamba alipiga yowe, akachomoka, akapita katikati ya miguu ya watu, akaja kujificha. Nyuma yangu. Watu wote wale, kajificha nyuma yangu mimi, anatetemeka kwenye mashavu ya miguu yangu.

"Hana mwenyewe?" Zenon akauliza.

Nikamgeukia Ambakisye nione anavyonicheka. Alikuwa analia. Wala hakuwa ananitazama mimi, anamtazama mbwa. Hakujua lolote. Mungu wangu, muda wote ule hakujua lolote!

Mgambo akasogea.

"Wangu," nikasema. "Mwacheni, ni wangu."

Marsiana akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye kovu la shingo, taratibu, mzunguko mzima. Kisha akaniinulia uso.

"Chui anajua kufunga fundo?"

Akamnyanyua Chapakazi, mbwa mzima yule, akampakata kifuani kama alivyompakata alipokuwa mdogo, akashika njia ya nyumbani. Mimi nikabaki pale uani, na mgambo bado kashika kamba.