Bastola Niliyoichagua Mwenyewe

Mwanangu Randall alinipa sharti moja, tena mbele ya mchungaji na sahani za kambare wa kukaanga. Nikiweza kutumia bastola mwenyewe bila kusaidiwa, atanyamaza na kuniacha niishi shambani kwangu. Nikishindwa, nitauza ng'ombe, nitafunga nyumba na kuhamia kwake mjini Muskogee, kwenye chumba ambacho Randall alisema mkewe Sherri ameshakipaka rangi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nina miaka sitini na tisa, nimewahi kuzalisha ng'ombe peke yangu kwenye theluji, na sikuona cha kunitisha katika kipande cha chuma.

Shida yangu ni bega. Bunduki ndefu ya marehemu mume wangu Floyd ilinitosha miaka yote, ila tangu nifanyiwe upasuaji wa bega la kulia sina kitu kizito ninachoweza kukiinua zaidi ya sufuria ya maharage. Na mwezi wa tatu, Jumamosi mchana kweupe, mtu nisiyemjua alikuja akatikisa kitasa cha mlango wangu wa jikoni mara tatu. Nilipiga kelele kwamba nina bunduki, akaenda zake. Kosa langu ni kumsimulia Randall.

Basi Jumanne asubuhi akanifuata na pikapu yake, tukaenda dukani kwa Twyla Pruitt, nje kidogo ya mji wa Sallisaw, kule wanakouza chambo cha samaki upande huu na silaha upande ule. Njia nzima Randall alinifundisha mambo ambayo mimi ndiye niliyemfundisha yeye akiwa na miaka saba: kila silaha ihesabu kuwa ina risasi, kidole kikae mbali na kifyatulio. Nikamwacha afundishe.

Sasa, wanaume wa kwetu Oklahoma wana ugonjwa mmoja. Umpeleke yeyote kumchagulia mwanamke bastola, atanyoosha kidole kwenye ile ndogo kuliko zote, na ikiwa ya rangi ya waridi ndiyo kabisa anajiona bingwa.

"Tupe hiyo ndogo ya silinda, ya risasi tano," Randall akamwambia Twyla. "Mama ana mikono midogo."

"Mama ana mdomo pia," Twyla akajibu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na nilimlisha chakula cha mchana shuleni nilikokuwa mpishi, tangu akiwa darasa la kwanza. "Bi Verlene, wewe unataka ipi?"

"Nataka itakayonitii."

"Basi tukazijaribu. Hapa kwangu hatununui kwa kutazama."

Nyuma ya duka lake kuna kilima cha udongo na mbao za kubandikia karatasi za shabaha. Tukavaa vizibo vya masikio. Nikaanza na ile ya Randall, ili haki itendeke. Ilikuwa nyepesi mno, nikadhani ni ya kuchezea. Nikafyatua. Ilinipiga kiganja kama mlango uliosukumwa na upepo, na risasi ikaenda kuzikwa kilimani bila hata kuisalimia karatasi. Nikafyatua tena, ikawa vilevile. Machozi yakanitoka, na si ya huzuni.

Randall hakucheka. Afadhali angecheka. Alinishika mgongo taratibu, akasema, "Basi, mama. Si kosa lako. Chumba kiko tayari."

"Ondoa mkono huo," nikamwambia.

"Ondoa kweli," Twyla akadakia. "Randall, umemchagulia mama yako bastola ya mfukoni. Hiyo ni nyepesi, kwa hiyo teke lote linaishia mkononi. Hata wewe ukipiga risasi hamsini nayo utaomba barafu. Mtu anayejifunza apewe nzito kidogo, uzito wake ndio unaopunguza teke."

Akaniletea nyingine, ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Hii nayo ikanigomea kwa namna yake, maana kile chuma cha juu lazima ukivute nyuma ndipo risasi iingie, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Nilivuta nikitoa jasho. Nikamwona Randall kwa pembeni akitazama saa, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuogopa. Niliona ng'ombe wangu wakipandishwa lori.

"Usivute," Twyla akasema. "Kishike juu kwa kiganja kizima, halafu mkono wa chini ndio uusukume mbele. Miaka thelathini umekanda unga wa watoto wa watu, leo unashindwa kusukuma?"

Akabadilisha, akanipa ya tatu. Ilikuwa nene, rangi ya masizi, yenye sura mbaya, ila springi yake laini. Nikasukuma, ikaitika. Akaniambia bila kunificha kwamba risasi zake si kubwa. "Lakini afadhali hii utakayopata nayo shabaha kuliko ile kubwa inayoua vichaka."

Nikasimama vizuri, miguu imeachana, pumzi nikaitoa nusu. Nikapiga kumi. Nane ziliingia kwenye duara, na zile mbili zilikuwa jirani tu. Nikaitoa magazini, nikahakikisha haina kitu, nikailaza mezani mtutu ukitazama kilima. Ndipo nikamgeukia mwanangu.

"Haya, sema."

"Umeshinda," akasema. Nilitegemea anune, au atanie. Badala yake alikuwa amenyong'onyea, na sikuelewa kwa nini. "Lakini nakununulia mimi. Iwe zawadi. Baba angefanya hivyo."

Kwetu mwanamume akitamka hivyo humkatalii. Twyla akasema zawadi inaruhusiwa, ila anayenunua ndiye anayejaza fomu na ndiye anayechunguzwa na serikali kwa simu kama ana rekodi ya uhalifu. Randall akainama kwenye kaunta akaandika. Twyla akavaa miwani, akaweka leseni ya udereva ya Randall kando ya fomu, akasoma, kisha akasoma tena.

"Randall, leseni inasema Mtaa wa Birch. Hapa umeandika fleti namba kumi na nne, mtaa mwingine kabisa. Unaishi wapi?"

Fomu ile imeandikwa wazi kwamba ukidanganya ni jela, na mwanangu hajawahi hata kuvuka taa nyekundu.

"Fleti," akasema. "Tangu Januari. Sherri alibadilisha kufuli."

"Na chumba kilichopakwa rangi?" nikamuuliza.

"Hakuna chumba, mama. Nilifikiri ukikubali kuja ningetafuta nyumba. Tukae mimi na wewe."

Nilikasirika, sifichi. Angeniuzisha ng'ombe wangu, aniondoe kwenye nyumba niliyomzalia, kwa uongo, tena mbele ya mchungaji! Nilikuwa na maneno ya kutosha kumkata vipande. Kisha nikaiona kola ya shati lake, haijaguswa na pasi, na kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Alikishona mwenyewe. Yale maneno nikayameza.

"Siwezi kumuuzia mpaka leseni yake ilingane na anapoishi," Twyla akasema kwa sauti ya chini.

"Nipe fomu mpya."

Nikaijaza mwenyewe. Penye makazi niliandika anwani niliyoiandika kwa miaka arobaini na minane. Twyla akapiga simu ya uchunguzi, dakika nne haziishi wakamwambia aendelee. Nikalipa, nikalibeba sanduku langu kwa mkono wa kushoto.

Kwenye pikapu Randall alishika usukani bila kuwasha gari. "Ungeniambia tu," nikasema.

"Ningesemaje? Mtu wa miaka arobaini na sita?"

"Ungesema hivyo hivyo. Haya, washa, twende Muskogee."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua nguo zako."

Akanitazama macho yamemwiva. "Mama, si tulikubaliana? Ukishinda, unabaki shambani peke yako."

"Mimi nilisema nabaki shambani kwangu," nikamwambia. "Hilo la peke yangu umeliongeza wewe."