Mshipi Unaolia

"Uvue," katibu wa klabu alimwambia Njiti, akiuelekezea kalamu mshipi uliotuna chini ya fulana yake. "Kwenye mashindano hakuna kifaa cha kumsaidia mchezaji. Sheria ndiyo hiyo."

Njiti aliuvua mbele ya watu wote, akaukunja, akautupa juu ya nyasi kama vile haukuwa na maana kwake. Kaka yake, aliyekuwa pembeni akifuta fimbo ambayo ilikwisha takata zamani, alitoa meno nje. Huu ulikuwa mwaka wa nne hajasema neno na dada yake, ingawa walilala vyumba vinavyogawana ukuta mmoja katika nyumba aliyowaachia mama yao, na walichota maji kwenye bomba lilelile.

Ugomvi wenyewe ukiusikia utacheka. Wote wawili walikuwa makedi, wabeba mikoba ya fimbo za gofu za watu wenye nafasi zao, na kaka ndiye aliyemfundisha dada kucheza, siku ambazo uwanja ulikuwa mtupu. Kisha dada akamshinda kaka mbele ya banda zima la makedi. Angenyamaza, yangeisha. Lakini Njiti, pamoja na wembamba wake uliompa jina, alijaliwa ulimi mrefu. Wiki nzima alikuwa akiwaigizia watu jinsi kaka alivyoinama kichakani akitafuta mpira, suruali ikimteremka, na watu wakashika mbavu. Kaka akaacha kabisa kusema naye. Njiti akasema potelea mbali, ila usiku mwingine alijuta, kisha akamchukia kwa kumfanya ajute.

Sasa klabu ilikuwa imenunua vigari vya umeme vya kubeba mikoba, na makedi wote walikuwa wanaachishwa kazi mwisho wa mwezi. Angebaki mmoja tu, awe msaidizi wa mwalimu wa gofu, na huyo angepatikana kwa kucheza. Walichujwa, wakachujwa tena, wakabaki wawili. Watu bandani walisema Mungu naye ana mzaha wake.

Njiti aliitaka kazi hiyo mpaka ikamkosesha usingizi, na hapo ndipo alipokosea. Alikuwa akimbebea mkoba mkandarasi mmoja, mtu mwenye hasira za karibu aliyenunua kila kitu kinachosifiwa kuwa kitamnyoosha mchezo: glavu yenye taa, darubini ya kupimia umbali, na mwishowe mshipi unaolia kiuno kinapozunguka barabara. Kiuno cha mkandarasi hakikuwahi kuufanya ulie. Akautupa kwenye pipa la taka, akimlaumu Njiti kwamba ameuharibu. Njiti akauokota. Kila jioni aliuvaa uani, akainua fimbo, akageuka, akangoja "pii", ndipo akashusha. Kabla ya hapo alipiga mpira kama anavyofagia, bila kufikiri. Sasa alifikiri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kiunoni.

Na kaka, upande wa pili wa ukuta, aliisikia milio ile yote.

Walipoanza kucheza, Njiti aliinua fimbo, akageuka, akangoja. Kimya. Mikono ilikataa kushuka. Alipoilazimisha, fimbo ilichota udongo na mpira ukajikokota hatua chache. Makedi wakaguna. Shimo la pili likawa vilevile. Kilichomwokoa ni mapigo mafupi ya karibu na shimo, yasiyohitaji kiuno, na kiherehere cha kaka, aliyekuwa na haraka ya kumfedhehesha akapoteza mipira miwili majini. Hata hivyo, walipofika shimo la pili kutoka mwisho, kaka alikuwa mbele kwa pigo moja.

Njiti alisimama juu ya mpira, fimbo hewani, jasho likimwingia machoni. Aliukumbuka mlio, akajaribu kuusikia kichwani, ukakataa kuja.

"Pii," alisema kaka nyuma yake.

Ilikuwa kejeli tupu, na watu walicheka. Lakini kiuno hakijui kejeli. Fimbo ilishuka yenyewe, mpira ukapaa juu ya miti, ukatua karibu kabisa na bendera. Kicheko kikakatika. Akautia shimoni kwa pigo jingine moja, wakawa sawa. Sauti ya kwanza ambayo kaka alimtolea baada ya miaka yote hiyo ilikuwa imemsawazishia mchezo. Njiti aligeuka kumtazama, akaona uso umemwiva kwa ghadhabu.

Shimo la mwisho kaka alipiga wa kwanza, mpira mrefu ulionyooka kama kamba. Kisha akajisogeza nyuma ya dada yake, kama alivyosimama awali, akafumba mdomo. Aliufumba kwa makusudi, midomo imebanwa, kila mtu aone.

Njiti aliinua fimbo. Akaishusha bila kupiga. Akaiinua tena. Katibu akamwambia asiwacheleweshe watu. Makedi waliokuwa wamekuja kumshangilia wakaanza kutazama viatu vyao, na hilo lilimuuma kuliko kuzomewa. Alijiona kesho yake akigonga milango kutafuta kufua nguo za watu, na kaka akipita uani na fulana mpya ya klabu. Bila kugeuka, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, alisema:

"Kaka. Nisaidie."

Watu walisikia. Kaka alisikia. Alilamba midomo kama mtu anayeonja kitu alichokingoja sana.

"Huyu kesha kwisha," aliwaambia watu, si yeye. "Twendeni."

Akatupa mkoba begani, akampita, akaanza kutembea katikati ya uwanja kuelekea bendera, mbele kabisa ya mpira ambao haujapigwa. Katika gofu hakuna afanyaye hivyo. Hata watoto wa wanachama wanakanywa. Makedi wakamwita arudi. Katibu akampigia kelele. Hakugeuka. Alitembea polepole, mkono mmoja mfukoni, mgongo wake mpana ukiziba bendera.

Njiti aliutazama mgongo ule. Aliwahi kubebwa juu yake, alipokuwa mdogo na miguu ina vidonda. Aliutazama, na chuki ikampanda kutoka nyayoni, safi, bila aibu yoyote. Mtu alikuwa anasema ngoja, Njiti, ngoja apite. Hakumsikia. Hakuwa anasikiliza chochote, wala kungoja mlio wowote.

Akainua fimbo, kiuno kikageuka, na mikono ikashuka.