Marehemu Gogo

Kinyozi alikinunua kitabu kile ili akichukie vizuri. Alikiweka kwenye droo ya mashine za kunyolea, na kila kiti kilipobaki bila mteja alikitoa akasoma, uso kaukunja. Yalikuwa maisha ya Kibiriti, mchekeshaji, yaliyoandikwa na mwenyewe baada ya kutimiza hamsini.

Zamani wawili hao walikuwa chanda na pete. Kibiriti aliropoka, na kinyozi, ambaye jukwaani aliitwa Gogo, alisimama bila kucheka huku akila vibao. Kutocheka ndiyo ilikuwa kazi yake, na asikudanganye mtu, ni kazi ngumu. Halafu televisheni ikamtaka mmoja tu. Kibiriti akaenda, hata kuaga hakuaga.

Sasa Gogo alitaka kujua jambo moja: huyo bwana kamtajaje?

Kurasa mia za mwanzo, kimya. Ilikuwa ni magoti yanayolalamika kwenye ngazi, talaka, vijana wasioelewa utani, na rangi ya nywele iliyomchuruzika usoni mbele ya kamera. Hapo Gogo akaangua kicheko, kisha akajikasirikia.

"Umeanza lini kucheka wewe?" akauliza mkewe, aliyekuwa akifagia nywele.

Sura ya tisa iliitwa "Marehemu Gogo".

"Nilimwacha mwenzangu kama mtu anavyosahau mwavuli mvua ikikatika," aliandika Kibiriti. "Nilipopata akili nikamtuma dereva akamtafute. Akarudi na habari kwamba ameshazikwa. Tangu siku hiyo, kila nikitoa kichekesho hugeuka pale alipokuwa akisimama. Watu walikuwa wanacheka kwa sababu yeye hacheki. Sikuwahi kumwambia. Mungu amlaze pema."

Gogo akakaa kwenye kiti cha wateja. Dereva yule alimkumbuka; alikuja miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku hiyo yeye alijificha nyuma ya pazia, akamnong'oneza mkewe, "Mwambie nimekufa." Mke akasema hivyo hivyo, macho makavu. Jukwaani Gogo alikuwa akifa mara mbili kwa wiki na kufufuka kwa kibao, basi alijua Kibiriti atautambua utani wao, atakuja mbio na matusi yake. Hakuja. Gogo akaona amedharauliwa mara ya pili, chuki ikaota mizizi.

"Mama watoto," alisema, "alisadiki."

Mkewe akaweka ufagio chini. "Nilikwambia tumfuate. Ukasema nani amfuate nani."

Nyuma ya kitabu palikuwa na namba ya wachapishaji. Gogo alipowaeleza, wakampa ya nyumbani kwa Kibiriti. Akapokea binti.

"Mwanangu, nataka kuongea na baba yako. Mwambie ni Gogo."



"Baba tumemzika Jumanne, bila kutangaza," binti akasema. "Wewe ni wa tatu kunipigia na upuuzi, lakini wewe umepita kiasi. Huyo mtu baba alimlilia mpaka hospitalini. Huna hata haya?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Gogo waziwazi. "Ni mimi kweli, mama. Niko hai. Niko hapa hapa mjini."

"Ungekuwa Gogo," binti akasema, "ungekuja."

Akakata simu. Nauli Gogo alikuwa nayo, miguu alikuwa nayo, na alikuwa amepewa miaka kumi na mmoja.