Fataki Imelia, Bunduki Kimya

…imelia fataki peke yake, kile kikofia cha kuwashia, tya, baruti haikushika, usishushe, Mwinjuma, usishushe, baba alikufundisha, fataki ikilia bure ishikilie bunduki ilipoelekea mpaka umalize Kul huwallahu mara tatu, moto huenda umelala tu humo ndani, na kibuyu kiko palepale juu ya kisiki, hatua arobaini, na watu wote wa kijiji nyuma yangu wamebana pumzi, anayepumua ni nani basi, nasikia, fss, fss, karibu na shavu langu, pale chini ya fataki… “Imekataa?” Jumbe Salumu anauliza, Kul huwallahu ahad, mwaka jana sikungoja, hiyo ndiyo habari yote, tulikuwa shambani kwetu hapa Mapinga tukivizia nguruwe wa mihogo, fataki ikalia hivihivi, nikasema imekufa hii, nikaigeuza niitazame, na mdogo wangu Pazi kachuchumaa kushoto kwangu anacheka, akasema “Kaka, bunduki yako ina usin—” ndipo ilipolia, neno halikuisha, mpaka leo limo masikioni mwangu linatafuta mwisho wake… wakasema ni Bimdogo kamwua kwa uchawi, eti bibi wa watu alipita siku moja kabla akasema dude hilo litakula mtu, nani asingesema, kila mtu alijua bunduki yangu inapiga upande, nami nikanyamaza, ee Mola, nikanyamaza mwaka mzima, sasa wanataka kumvunjia nyumba wamfukuze mpaka Msata huko asikojua mtu, na Jumbe kasema kwanza ipigwe mbele ya watu kama ilivyopigwa siku ile, ikipiga sawa bunduki haina kosa, wala Mwinjuma hana, kosa ni la bibi… nililaumu mtutu, nikalaumu fataki, nikanunua nyingine mpya Bagamoyo kwa Mhindi, wapi, risasi kushoto, kila mara kushoto, na sababu ni ndogo hata kuitaja aibu, moto wa fataki hupita kwenye kitundu chembamba, sindano tu ndiyo inayoingia, ndipo uifikie baruti, kitundu kikiwa kikavu risasi hutoka papo hapo ikaenda jicho lilipo, kikiwa na unyevu moto hutambaa, na mkono haungoji, mkono umeshasogea… na unyevu niliutia mimi, Sharifu wa msikitini alinipa kombe ninywe, zafarani na marashi na maneno ya Mungu yaliyoandikwa sahanini yakaoshwa kwa maji, nami kwa ujuaji wangu nikanywa nusu, nusu nikaimimina mtutuni kabla ya kushindilia baruti, ili bunduki nayo ibarikiwe, kila Ijumaa, kwa siri, nikaianika juani nikadhani imekauka, na leo asubuhi nimemimina tena, kama siku ile, nilitaka ipige sawa na maji yake humo humo ili nijue si mimi, nipate kulala usingizi, basi… “Shusha, mwanangu, utachoka mkono,” huyo ni Bimdogo, wamemkalisha juani tangu asubuhi na bado ananionea huruma, mimi! naona haya, Kul huwallahu ya pili, au ya tatu, nimepoteza hesabu, naweza kusema fataki mbovu, nichokoe kitundu kwa sindano, niivike fataki nyingine, itapiga sawa, kibuyu kitapasuka, watu watashangilia na bibi atakunja mkeka wake aende, rahisi sana, hakuna atakayejua, na ile pumzi kwenye shavu imekatika, inangoja nichague, halafu inacheka, kidogo tu, puani, kicheko cha Pazi kile, nilidhani nitaogopa, siogopi, kilichonijaa ni hamu ya kumwona… “Mwaija!” naita, bunduki bado begani, bado kimya, sijawahi kumwita kwa jina, ni mjane wa mdogo wangu, siku zote namwita shemeji, “Mwaija, waambie wamwache bibi, kitundu kilikuwa na maji,” nataka kusema niliyatia mimi, kinywa kinasema “aliyatia kaka,” na sauti si yangu, kila mtu kaisikia si yangu, na nyuma huko Mwaija anaitika upesi, kama mwanamke aliyeitwa kutoka jikoni, “Labeka, mume wangu.”