Mwenze wa Jumamosi

Burhani alipofariki, mwezi wa kumi na moja, nyumba ya mjane wake Rukiya kule Anderlecht ilijaa watu wiki nzima. Warundi wa mtaa wa Schaerbeek walikuja na masufuria ya pilau, wakasoma hitima, wakalala juu ya mazulia. Kisha kila mmoja akarudi kazini kwake. Nadia, mtoto wao wa pekee, naye akarudi Montreal kwa mumewe na wanawe. Rukiya akabaki na redio ya jirani iliyokuwa ikipenya ukutani.

Alikuwa amestaafu kazi ya kuhudumia wazee, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimngoja asubuhi. Siku nyingine jioni iliingia ndipo akagundua kwamba tangu alipoamka hajafungua kinywa ila kwa sala. Daktari ndiye aliyemweleza habari za kundi la akina mama waliokuwa wakienda kutembea mashambani kila Jumamosi.

"Nenda, madame," alimwambia. "Miguu yako ni mizima. Kinachokuumiza ni kukaa."

Basi machipuko yalipoanza, Rukiya alivaa raba zake, akajifunga mtandio vizuri, akaenda kuwakuta kwenye kituo cha treni cha Gare du Nord. Walikuwa Waflamandi watupu, Wazungu wenyeji wa nchi ile, wengi wao wamestaafu kama yeye, na viatu vizito na fimbo za kutembelea. Kiongozi wao, Tine, mwanamke mrefu aliyewahi kufundisha michezo, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ça va?" akamuuliza hali kwa Kifaransa.

"Ça va," alijibu Rukiya.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku ile. Waliposhuka kwenye treni walishika njia ya matope katikati ya mashamba. Miti ya matunda ilikuwa imeanza kuchanua, na nyuma ya waya farasi wakubwa wenye manyoya miguuni waliwatazama wakipita. Wanawake walikwenda wawili wawili wakizungumza Kiflamandi na kucheka. Mara mojamoja mmoja wao aligeuka, akatabasamu, akamwonyesha ndege au ua. Rukiya alitabasamu pia. Wakati wa kula walimsogezea mkate. Aliona nyama ya nguruwe ndani yake, akashukuru, akafungua chapati zake na kula akitazama bonde. Hawakuwa wabaya hata kidogo. Alirudi nyumbani na miguu inayowaka, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba inawaka.

Alikwenda tena Jumamosi iliyofuata kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walikuwa wakipanda kilima, yeye wa mwisho kama kawaida, aliposikia sauti ya Kiswahili pembeni yake.

"Maman, unatokea wapi?"

Rukiya alisimama. Aliyesema alikuwa bibi kizee wa Kizungu, mfupi, nywele nyeupe pe, kofia ya sufu imekaa upande.

"Bujumbura," alisema Rukiya. "Buyenzi."

"Ah! Jirani! Miye nilikuwa Bukavu. Nilifundisha watoto kule, miaka mingi. Miye Paula. Bon, twende, tutabaki nyuma."

Tangu siku hiyo walitembea pamoja, wa mwisho kabisa, na kila mara Tine aliwapungia mkono kutoka mbele wafanye haraka. Paula alipenda kusimulia habari za ziwa, mvua za kule, shule yake, na mtoto wake Pieter-Jan aliyekuwa akimwogopa jogoo. Rukiya naye alimweleza jinsi Burhani alivyokuwa akiuza vitambaa Schaerbeek, jinsi alivyoimba akinyoa ndevu, jinsi alivyoanguka jikoni asubuhi moja na birika mkononi. Hakuwa amemweleza mtu hayo yote kwa utulivu. Paula alimshika mkono, akasema, "Pole, maman. Pole sana." Ijumaa zikawa siku za kupanga maneno ya kesho.

Mwanzoni Rukiya hakulitilia maanani lile jina. Paula alisema, "Mwenze, angalia, hapa kuko matope," na Rukiya akadhani ulimi umeteleza. Jumamosi nyingine akamwita hivyo kutwa nzima. Kisha, wakiwa wamekaa juu ya gogo wanapumzika, akamuuliza kwa uchangamfu:

"Na bwana yako, iko muzuri?"

Rukiya alimtazama. "Alikufa, Paula. Nilikwambia."

Uso wa bibi ulikunjamana kama wa mtoto. "Amekufa? Bwana yako amekufa? Lini?" Akalia kwa sauti, na Rukiya, mwenye msiba, ndiye aliyelazimika kumfuta machozi na kumbembeleza mpaka akanyamaza.

Juma lililofuata, kwenye njia nyingine, swali likarudi vilevile. Rukiya aliona kile kilio kikimngoja. Akapumua.

"Yuko salama," alisema. "Anakusalimia."

"Umwambie na miye ninamusalimia."

"Nitamwambia."

Na kwa kipande kizuri cha njia Rukiya alitembea kama mwanamke mwenye mume nyumbani. Hata alijikuta akifikiria atakachompikia. Ilikuwa tamu, na ilimtisha. Alipofungua mlango wa nyumba yake jioni ile, alisimama ukumbini bila kuvua koti, hadi taa ya ngazi ikazimika nyuma yake.

Hakumwambia Tine kwamba Paula anasahau. Angemwambiaje, na kwa lugha gani? Tena aliogopa kwamba akisema, watamkataza Paula kuja.

Mwishoni mwa mwezi wa nne kundi lilikwenda msitu wa Halle kuona maua. Chini ya miti ardhi yote ilikuwa ya buluu, kama mtu amemwaga rangi akaiacha itiririke mabondeni. Baada ya kula, Rukiya alitandika kitenge chake nyuma ya mti mnene aswali adhuhuri.

"Unigoje hapa hapa," alimwambia Paula.

"Ninangoja, Mwenze."

Alipotoa salamu na kugeuka, Paula hakuwapo. Sauti za wenzao zilikuwa zimeshafifia mbele. Rukiya aliita, akakimbia njia ya kushoto, akarudi, akashika ya kulia. "Paula! Paula!" Msitu ulikuwa umejaa watu waliokuja kupiga picha, wakamgeukia yule mama wa mtandio anayepiga kelele, kisha wakarudia simu zao.

Alimkuta chini bondeni. Bibi alikuwa amevua viatu na soksi, amekaa katikati ya maua, miguu ndani ya kijito.

"Paula, alhamdulillahi! Simama twende."

Paula alijivuta nyuma. Alisema kitu kwa Kiflamandi, kwa ukali, akazuia kwa mkono. Rukiya akajaribu Kifaransa, akapata ukali uleule. Macho hayakumjua. Rukiya akapiga magoti kwenye maji.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, Mwenze."

Bibi alimchunguza muda mrefu. Kisha akamnyooshea mkono.

"Mwenze. Ulikawia."

Rukiya alimkausha miguu kwa mtandio wa akiba, akamvika soksi na viatu, akamshika kiunoni wakapanda. Tine alikuwa akishuka mbio kuwatafuta. Alipouona uso wa Paula hakuhitaji kuelezwa. Akampigia simu mwana wa Paula.

Kituoni Halle walimkuta mwanamume wa makamo mwenye miwani anawangoja. Alimwingiza mama yake garini taratibu, akamfunga mkanda, halafu akamwendea Rukiya. Alizungumza Kifaransa.

"Wewe ndiye Mwenze? Mama anakutaja kila siku."

"Mimi naitwa Rukiya."

Pieter-Jan akainamisha kichwa. "Mwenze ndiye aliyenilea. Alikufa kule zamani. Mama aliahidi kurudi kumwona, hakurudi." Alivua miwani, akaivaa tena. "Nilidhani matembezi yanamsaidia. Sasa atakaa kwangu Ostende, karibu na bahari. Asante kwa kumrudisha."

Hakumwambia karibu, na Rukiya hakuomba. Kioo cha gari kilipopita, Paula alikuwa akitazama mbele.

Jumamosi iliyofuata Rukiya alikaribia kubaki kitandani. Lakini alikwenda. Njia ilikuwa pana, kati ya mashamba ya ngano changa, naye akatembea nyuma peke yake. Baada ya muda Tine alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Wewe na Paula," aliuliza Tine kwa Kifaransa cha polepole, "mlikuwa mkizungumza nini siku zote zile?"

Rukiya alitafuta maneno. Kwa Kifaransa hakuwa nayo mengi.

"Mume wangu."

"Una mume! Hajambo?"

Jibu lile alilompa Paula lilikuwa tayari ulimini, jepesi, lenye salamu zake. Rukiya alitembea nalo kidogo.

"Amekufa," alisema. "Alikuwa akiitwa Burhani."

Tine alijaribu kulitamka jina hilo, akalikosea, Rukiya akamrekebisha, naye akajaribu tena. Upepo ulikuwa mkali na wote wawili walikuwa wakitokwa na machozi ya baridi. Walikwenda hivyo hadi barabara ya lami, ambako Tine aliitwa na wenzake kuangalia ramani, na Rukiya akasimama kando kuwangoja.