Majani Mapana ya Saltley

Mimi ukiniambia nipumzike, umenitukana. Na hiyo ndiyo salamu niliyopewa tangu nishuke kwenye ndege mwezi wa tatu. "Mum, pumzika," ananiambia mwanangu Bethuel akienda kazini. "Mum, wewe pumzika tu," anasema mkewe Audrey, ambaye ni nesi, akirudi kutoka zamu. Nimepumzika mpaka magoti yakaanza kulia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Audrey hakuwa anakula chakula changu. Wiki tano nimepika humu Saltley, huku uzunguni, na kila nikitaka kumpakulia anasema, "Nitakula baadaye, Mum," kisha anajipikia vyake, wali na kuku wa kuoka asiye na tone la mchuzi. Mimi navyo vyake sikuvigusa, maana kuku mkavu hivyo ataniambia nini? Lakini mke wa mwanangu asipokula mkononi mwangu, basi mimi humu ndani ni mgeni tu.

Aprili ilipoingia nikaanza kuzunguka bustani ya nyuma. Ni kijishamba cha hatua kumi kwa sita. Mwenye nyumba wa zamani alikiacha kilivyo, na hawa wawili hawajawahi kukanyaga. Nilidhani ni magugu matupu. Nikainama, nikapekua, kumbe chini yake kuna vitunguu vya majani, kuna spinachi, na kuna sukuma wiki iliyovuka theluji yote ikiwa wima, sasa imetoa vichwa vya maua. Nilisimama hapo nikijiuliza huu ni mmea wa namna gani, na mimi nimevaa soksi tatu.

"Hivyo vichwa vunja kabla ya maua kufunguka. Vitamu sana," sauti ikatoka upande wa pili wa ua. Ni Kulwinder, jirani, mama wa Kikalasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake bado ni cha sokoni kule. Tangu siku hiyo nikawa namwuliza kila kitu. Hiki kinachonukia kitunguu saumu ni nini? Hiki kimelala au kimekufa? Mwenzangu hakuchoka kunijibu.

Ila kuna kitu kimoja pale pembeni sikumwuliza, kwa sababu nilidhani nakijua. Kilikuwa na majani mapana juu ya mabua mekundu manene. Kwetu Kakamega majani ya maboga tumeyapika tangu enzi za bibi zetu, mabua tunamenya nyuzi, majani tunatia maziwa. Sasa mtu aliyelelewa na mboga ataulizaje mboga?

Ijumaa nikayakata yote. Mabua nikaona yamekomaa sana, nikayatupa kando ya ua. Majani nikayachemsha, nikatia maziwa, nikasonga ugali.

Saa tisa Audrey akaingia kutoka hospitali. Akasimama mlangoni akinusa.

"Mum, hii ni mboga ya maziwa? Nyanya yangu alikuwa anapika hivi." Akavuta kiti. "Nipakulie."

Wiki tano nimengojea neno hilo. Nikampakulia sahani tele. Akaenda kunawa, nami nikafungua mlango wa nyuma ili mvuke utoke.

Kulwinder alikuwa amesimama uani kwake, anayatazama mabua yangu.

"Mama Bethuel, majani ya hii rubabu umepeleka wapi?"

"Yako sufuriani."

"Toa. Hiyo ni sumu, mama. Watu wanakula mabua."

Nikageuka. Audrey alikuwa ameshakaa, tonge mkononi, ameshalichovya. Nawaambia ukweli, shetani alinipa uongo wa haraka: sema maziwa yameharibika. Sema chochote, lakini usiseme hujui mboga. Nikamshika mkono.

"Usile. Nimepika sumu."

Tonge likaanguka sahanini. Audrey akanitazama, halafu akauliza swali moja tu: "Wewe umeonja?"

"Mchuzi kidogo, nikiangalia chumvi."

Akanikalisha, akanipa maji, akanishika mshipa wa mkono huku anaangalia saa. Alinihoji mara tatu kama tumbo linauma, akampigia simu daktari wa zamu yake, ndipo akapumua. "Huna neno," akasema. Nililia. Si kwa hofu, kwa aibu. Miaka sitini na minane, nusura nimuue mtoto wa watu kwa mboga.

Audrey akamwaga sufuria, akatoka nje, akayaokota yale mabua, na Kulwinder akamwelekeza juu ya ua: kata hivi, sukari nyingi, maji kidogo. Jiko likanukia kitu nisichokijua. Akaniwekea bakuli mbele.

"Onja, Mum."

Nikatazama ule uji mwekundu. Haukuwa na chumvi, haukuwa na ugali. Maneno yakaja yenyewe mpaka mdomoni: nitakula baadaye. Nikayasikia kabla sijayatoa.

"Wewe pia vyangu huli," Audrey akasema polepole, bila hasira. "Nilikuwa nangoja uanze."

Nikachukua kijiko. Uji ulikuwa mkali kama ukwaju, kisha utamu ukafuata. Nikamaliza bakuli, nikamsukumia.

"Niongezee," nikamwambia. "Halafu ukae, tule wote."