Gundi ya Kijivu

Josepha alikuwa ameinama juu ya hadubini tangu maduka ya chini, Mtaa wa Aggrey, hayajafunguliwa. Chini ya lenzi kulikuwa na bodi ya simu, na juu ya bodi kulikuwa na chipu nyeusi, pana kama ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo hubeba picha na sauti zote za simu. Kazi yake ilikuwa kuing'oa nzima.

Simu ilikuwa ya marehemu mzee Abdulhamid. Siku ya arobaini yake ilidumbukia kwenye ndoo ya maji, ikazimika moja kwa moja. Bodi ilikuwa imeoza, lakini chipu ya namna ile haifi kirahisi. Ukiitoa salama ukaiweka kwenye kisomeo, kila kilichokuwamo kinatoka.

Bi Sitara, binti wa marehemu, alitaka kitu kimoja tu. Ilikuwa sauti ya dakika mbili, baba yake akitamka kwamba vyumba viwili vya uani, katika nyumba yao ya Mchafukoge, amempa yeye, aliyemuuguza miaka sita. Kaka zake walisema hawajasikia habari hiyo. Kikao cha ukoo kilikuwa kesho, Ijumaa, baada ya swala. Asipokuja na ile sauti, afungashe vyombo.

"Mimi sitaki makubwa, mwanangu," alisema jana, mkoba umebanwa kwapani. "Nataka baba aseme mwenyewe, na wao wakae chini wamsikilize."

"Atasema, mama," Josepha alimjibu. "Mimi nitaitoa."

Alisema vile kwa sababu aliamini. Alikuwa na stashahada ya elektroniki na miaka miwili ya kukaa kwenye meza ile, na bado alidhani kazi ikifanywa kwa moyo safi haiwezi kumgeuka mtu.

Sasa alikuwa anaiangalia gundi. Gundi ya kiwandani huwa nyeusi, na ikipata moto inalainika kama ubani. Hii ilikuwa ya kijivu, ile ya vichupa viwili vya kuchanganya, ambayo mafundi bomba hutumia kuziba mipasuko. Ilikuwa imeizunguka chipu pande zote nne na kuingia mpaka chini yake. Pembeni, mtu alikuwa ameweka nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha.

Aliziangalia nukta zile kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mgongo.

"Fundi, hii simu iliwahi kuja hapa. Tuliifunga sisi."

Fundi Mwinyimvua, mwenye chumba, aliyemfundisha kazi, hakuinua kichwa. "Ipi?"

"Ya marehemu Abdulhamid. Ina nukta mbili."

"Nukta mbili si zangu, binti. Yangu moja."

Mudi, muuza vioo vya simu wa meza ya mlangoni, akacheka. "Josi kajifunga mwenyewe."

Pale kwao iliitwa kufunga kazi. Ukishabadilisha au kuchomelea upya chipu, unaimwagia gundi ya kijivu, unaweka alama yako. "Fundi mwingine akiigusa, imfie mkononi," Mwinyimvua alimweleza wiki ya kwanza. "Mteja atarudi mwenyewe, atakuja kukuamkia shikamoo." Josepha alicheka siku ile. Alikuwa ametoka chuoni juzi, na kuruhusiwa kushika bodi ya mtu kulimtosha. Akafunga, tena kwa uangalifu, hakuacha hata tundu la sindano. Akachagua nukta mbili.

Alichokonoa gundi ile kwa sindano, punje kwa punje, mpaka adhuhuri. Pembeni ilitoka. Ya chini haikufikika. Aliweka bodi kwenye bamba la moto, akaielekezea bloa ya hewa moto, akasubiri. Risasi iliyoishikilia chipu iliyeyuka. Aliona vitone vyake vikichuruzika pembeni, vinang'aa. Aliigusa chipu kwa kibanio. Haikutikisika. Risasi ilikuwa imeachia, gundi ilikuwa bado imeshika.

"Ongeza moto," alisema Mwinyimvua, safari hii amesimama nyuma yake.

"Nikiongeza nitaichoma."

"Usipoongeza utaivunja. Chagua."

Aliongeza kidogo, akapitisha kisu chembamba chini ya pembe moja, akainua taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Kulitoka mlio mdogo mkavu. Chipu ikaja.

Aliigeuza chini ya lenzi. Tumboni mwake palitakiwa kuwa na safu za vituo vidogo vya shaba. Safu ya katikati haikuwapo. Ilikuwa imebaki kwenye gundi, juu ya bodi, imenata hapo inang'aa.

Alijaribu. Aliunganisha waya mwembamba kuliko unywele, mara tatu, na mara tatu kisomeo kikajibu kwamba hakioni kitu.

"Mwambie maji yameiua," alisema Mwinyimvua, kwa upole kabisa. "Si uongo sana. Na yeye atapumzika."

Bi Sitara alifika baada ya alasiri, bado ana harufu ya udi wa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imetoka?"

"Imetoka, lakini imeharibika. Haisomeki tena." Josepha alisikia Mudi akiacha kupanga vioo vyake. "Si maji, mama. Ni gundi. Niliiweka mimi, miaka miwili iliyopita, ili fundi mwingine asiweze kuifungua."

Bi Sitara alikaa kwenye benchi. Hakulia. Aliiangalia ile chipu kwenye kitambaa cha karatasi kama mtu anayetafuta ina mdomo wapi.

"Kesho utakuja?" aliuliza hatimaye. "Uwaambie kaka zangu kwamba sauti ilikuwamo."

"Nitakuja."

"Wewe uliisikia?"

"Sikuisikia, mama."

"Basi utawaambia nini?"

Bi Sitara alikunja ile karatasi yenye chipu mara mbili, akaitia mkobani, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Josepha alirudi kwenye meza. Mwinyimvua alikuwa anamalizia simu ya kijana mmoja aliyesimama anasubiri. Bila kutazama, alinyoosha mkono.

"Nipe gundi."

Josepha alivichukua vile vichupa viwili, akavitupa kwenye pipa la taka.

Mwinyimvua alimtazama kidogo, si kwa hasira. Akavuta droo. Ndani mlikuwa na boksi zima.